Mita Sita za Saa ya Ioni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimelowa chapachapa. Nilikuwa nimetembea kutoka Makongeni, ambako baba yangu alipewa nyumba ya watumishi wa reli, na mvua ikanikuta Barabara ya Jogoo. Mkuu wa Maabara alinitazama miguu, akanipa tambara. "Jipanguse kwanza, Nduku. Mitambo ya humu haipendi unyevu."

Nilikuwa fundi wa viwango vya muda. Tulitunza saa ya seziamu, inayopata sekunde kwa kuhesabu mitetemo ya atomi za metali hiyo, ili benki, redio na minara ya simu zifuate muda mmoja. Mkuu, Mluhya mpole aliyekaa Makadara, alitufundisha kuandika kila kipimo kwa wino. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja tu, kosa lisomeke. Niliifanya kazi hiyo mpaka nywele zikaingia mvi.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, wageni kutoka ng'ambo walituletea saa ya ioni. Ioni ni atomi iliyonyang'anywa elektroni, kwa hiyo umeme unaweza kuishika. Moja tu, ya strontiamu, ilining'inizwa ndani ya chombo kisicho na hewa, ikapozwa kwa leza hadi ikatulia. Leza nyingine, nyekundu, ndiyo iliyosoma mtetemo wake. Mtetemo wa mwanga ni wa kasi mno kuliko wa seziamu, kwa hiyo sekunde inakatwa vipande vidogo zaidi. Kwenye skrini niliiona ioni yenyewe, nukta moja tu. Nilitoka nje nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Wageni walisema saa hiyo ikikubaliana na saa pacha iliyobaki kwao, wataiacha Nairobi. Ililinganishwa kwa njia ya setilaiti. Lakini saa iliyo juu hukimbia zaidi kidogo kuliko iliyo chini, kwa sababu ya uvutano wa dunia, na Nairobi iko juu sana. Ilibidi tujue kimo chetu kutoka usawa wa bahari. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Majibu yalikubaliana vizuri ajabu. Mkuu aliwatangazia wakubwa wa wizara, tukanywa soda, akanishika mkono mbele ya watu wote. "Huyu mama ndiye aliyetupatia kimo," akasema.

Wiki mbili baadaye, nikiandaa ripoti, nilirudia hesabu zangu. Mpima ardhi alikuwa ameweka alama ya kimo kwenye ukuta wa mlangoni. Saa ilikuwa ghorofa ya chini ya ardhi, mita tatu chini ya alama hiyo. Nilipaswa kutoa tatu. Nilijumlisha. Kosa la mita sita, ambalo seziamu yetu isingelihisi kamwe, lilitosha kuharibu kila kitu. Kumbe saa yenyewe ilikuwa na hitilafu, na kosa langu lilikuwa limeifunika.

Nilimwonyesha Barasa, fundi mwenzangu kijana. Akakuna kichwa. "Madam, hiyo maneno iache tu. Nani atapima tena?"

Nilikwenda kwa Mkuu. Alisoma karatasi muda mrefu, hakuinua macho.

"Umemwambia nani?"

"Barasa. Na sasa wewe."

"Unajua wataibeba saa yao."

"Najua, Mkuu."

"Basi andika," akasema, akageuza kiti kuelekea dirishani.

Niliandika. Wageni walinishukuru kwa adabu, wakafunga masanduku. Wakubwa waliotangaziwa waliona aibu, na Mkuu, aliyekuwa ameongezewa mkataba baada ya umri wa kustaafu, akakatishwa mkataba huo. Mimi nilimaliza miezi yangu iliyobaki karibu na meza yake tupu. Hakunitumia hata salamu.

Baada ya kustaafu nilihamia Kayole, chumba na sebule. Mwaka jana niliposikia anaumwa, nilikwenda Makadara kumwomba msamaha. Mkewe alituletea chai, akatuacha. Mkuu alikuwa amekonda, blanketi magotini.

"Mkuu, ile namba ilikuwa kosa langu. Nimekuja uniwie radhi."

Alikohoa, akatikisa kichwa. "Niliiona kabla yako, Nduku."

"Lini?"

"Kabla ya kuwaita wakubwa. Niliangalia daftari lako, nikalifunga. Nilitaka saa ibaki hapa. Maisha yangu yote tumepewa muda na wengine, nikataka siku moja tuutoe sisi."

Miaka hiyo yote nilijiona nimemwangusha mzee mwaminifu. Nilimaliza chai yangu ikiwa imepoa, nikamfunika vizuri kwa blanketi, nikaaga.

Nyinyi mnaoingia kazi hii mtaniuliza kama ningeandika tena. Ningeandika. Lakini msidhani nilipata amani. Saa ile haikurudi, seziamu yetu imezeeka, na baadhi ya siku natamani ningelikuwa sijarudia zile hesabu.

Mkuu alifariki mwezi uliofuata. Wanawe walinisimamisha kanisani nieleze kazi ya baba yao. Nilieleza seziamu, wino, na subira yake kwa mafundi wapya. Nilipofika mwaka wa ioni, niliwatazama wale watoto, nikawapa pole, nikaketi.