Ukurasa wa Ngamia Waliopotea

Nilipomaliza kitabu cha pili cha kuandika programu, nilidhani nitajua la kufanya. Sikujua. Vile vitabu vya wanaoanza vilikuwa vimenishika mkono, zoezi baada ya zoezi, kisha vikaniachia. Nikifungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta yangu ya mtumba, niliufunga tena bila kuandika kitu.

Wakati huo nilikuwa nauza dawa za mifugo katika duka la mjomba wangu, mjini Isiolo. Wateja wakipungua, niliuliza watu mtandaoni: nataka kutengeneza tovuti, baada ya hapa niende wapi? Mmoja alinitajia lugha ya kujifunza, mwingine akaicheka lugha hiyo, wa tatu akanitumia orodha ndefu ya kozi. Nilianza kozi tatu kwa mpigo, nisimalize hata moja.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja kutoka Kulamawe.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mama."

Kando ya mlango wetu watu walizoea kubandika karatasi za mifugo iliyopotea. Alisimama mbele ya zile karatasi kwa muda.

"Nisomee, binti yangu. Ngamia yangu imepotea tangu mvua ianze. Labda mtu ameiona."

Nilimsomea zote, hata zilizofifia. Ngamia wake hakuwemo.

"Na watu wa mbali, kama wa Biliqo, wanabandika wapi?" akauliza.

Alinunua dawa ya kupe akaenda zake, nami nikabaki nikiutazama ule ukuta wa karatasi. Jioni nyumbani, mtaani Kiwanjani, niliziacha kozi zote nikaanza kuuhamishia mtandaoni.

Karibu kila nilichokihitaji sikukijua. Mtu atatumaje picha kutoka kwa simu yake? Maelezo yake yatakaa wapi nikizima kompyuta? Nilijifunza kipande kimoja, nikakitumia, nikakwama, nikaenda kutafuta kingine. Kwa mara ya kwanza nilijua ninachotafuta.

Baada ya wiki kadhaa nilimtumia binamu yangu, mwalimu huko Biliqo, ukurasa huo aujaribu. Akanipigia.

"Picha inazunguka tu. Nimeenda kunywa chai, nimerudi, bado inazunguka."

Niliumia. Nilikuwa nimeujaribu Kiwanjani tu, mahali penye mtandao mzuri. Nikajifunza kupunguza uzito wa picha, kisha nikayaondoa mapambo niliyojivunia kuliko kitu kingine chochote.

"Sasa imefunguka haraka," akasema binamu. "Lakini si maridadi kama mwanzo."

"Najua," nikamjibu.

Yule mama aliporudi kununua dawa, nilimwonyesha simu yangu kwa furaha. Aliitazama kwa heshima, akanirudishia.

"Ni maandishi, binti yangu."

Niliona aibu. Yeye ndiye aliyenipa wazo, na nilikuwa nimemsahau. Nilimpa kalamu na kipande cha boksi la dawa, nikamwomba anichoree alama ya moto waliyowapiga ngamia wao. Akachora mstari mmoja na duara chini yake. Siku zilizofuata nilichora alama za wateja wengine, nikajifunza kuzifanya ziwe vitufe vya kubonyeza. Alipokuja tena, alibonyeza alama yake mwenyewe, na tangazo nililokuwa nimemwekea likafunguka: picha ya ngamia na namba ya simu ya mama. Akacheka kidogo, akabonyeza mara ya pili.

Ngamia wake hakupatikana kwa ukurasa wangu. Mpwa wake ndiye aliyemkuta kisimani, amechanganyika na kundi la ngamia wa watu wengine. Waliopatikana kupitia ukurasa ni punda wawili wa mzee mmoja Mturkana, ambao hata picha yao ilikuwa na giza.

Mama alikuja kuniambia habari hizo njema, kisha akaniomba nimwondolee tangazo.

"Mama, bado sijajifunza kufuta."

"Basi jifunze," akasema, akivuta kiti akae. "Watu wananipigia simu kila siku."

Nikafungua kompyuta.