Gobore la Baba na Daftari Langu la Darasa la Sita

Sisi tuliokulia vijiji vya Kibondo kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, Jumamosi zetu zilijulikana. Asubuhi unakwenda kisimani, unarudi unamenya muhogo na kuuloweka, mchana unakula ugali na maharage yaliyotiwa mawese mpaka yanang'aa, kisha mnamwagika uwanjani kucheza rede mpaka sauti zinakauka. Lakini mwaka ule nilipokuwa darasa la sita, rede niliiacha. Jumamosi zangu nilizitumia nyuma ya shamba letu, nikiwa na daftari la mistari na kalamu, nikimwandikia baba matundu ya risasi.

Baba yangu, Mzee Bukuru, alikuwa na gobore. Alilimiliki kwa leseni, na kijiji kilimtegemea yeye kuwafukuza nguruwe pori wasimalize mihogo. Rika langu mnalijua gobore: unashindilia baruti mdomoni mwake, kitambaa, risasi ya duara, unaweka fataki, unapiga mara moja tu. Ukikosa, nguruwe hakusubiri upakie tena.

Na baba alikosa. Alilijeruhi dume moja kubwa, likageuka na hasira zake zote, likampasua paja jirani yetu, Mzee Misago. Mzee Misago alilala hospitali wiki nyingi, akarudi anachechemea, na fimbo mkononi. Hakumlaumu baba hata siku moja. Nadhani ndiyo maana baba aliumia zaidi. Alilitundika gobore ukutani, akawa mtu wa kula kidogo na kunyamaza, na nguruwe wakapata sikukuu. Familia nyingine ziliamka asubuhi zikakuta shamba limefukuliwa kana kwamba limepigwa jembe.

Wakati huo mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha kupanda maharage kwenye makopo. Alisema, "Ukitaka kujua kinacholeta tofauti, badilisha kitu kimoja. Vingine viache kama vilivyo." Nikatafakari njia nzima ya kurudi nyumbani. Baba alikuwa akipima baruti kwa kiganja. Leo kiganja kimejaa, kesho kimepungua. Ndiyo maana gobore lile siku nyingine lilinguruma, siku nyingine lilikohoa.

Nilimwambia jioni tukiwa jikoni. Nilitegemea kufukuzwa. Mama ndiye aliyeruka kwanza, akamaka kwa Kiha.

"Mawe! Mtoto wa kike na baruti wapi na wapi?"

Baba aligeuka kunitazama. "Mwache aandike," akasema. "Kalamu hailipuki."

Basi tukaanza. Baruti sikuruhusiwa kuigusa hata kwa ncha ya kidole, na kila alipopiga nilikuwa nimekaa nyuma yake mbali, masikio nimeyaziba. Alichonga kipimo cha mwanzi, akawa anakijaza na kukisawazisha kwa mgongo wa kisu. Tulisimamisha ubao mbele ya kichuguu kikubwa, nikauchorea duara kwa mkaa. Kila kipimo alikipigia risasi tatu, mimi nakimbia kuangalia, narudi kuandika. Jumamosi iliyofuata anachonga mwanzi mwingine.

Baba aliamini kwamba baruti nyingi ndiyo nguvu. Daftari likamkatalia. Kipimo kikubwa kililia kama radi, risasi zikatawanyika, moja ikakosa hata ubao. Kipimo cha wastani kilitoa mlio wa adabu, na matundu yakaanza kusogeleana. Baba alipoyaona alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawapigia kelele tu," akasema.

Tukahamia kwenye kitambaa cha kufungia risasi. Tulijaribu kaniki, tukajaribu gunia, mwisho kitenge. Kitenge kilishinda vyote. Kwa bahati mbaya kilikuwa cha mama, na aligundua Jumapili anajiandaa kwenda kanisani. Sitasimulia aliyosema.

Zikabaki risasi zenyewe. Baba alizitengeneza kwa vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu, alivyopata kwa wavuvi wa Kigoma. Nilizibingirisha mezani moja moja. Iliyokwenda moja kwa moja niliiweka, iliyoyumba nilimrudishia akaiyeyushe upya. Alilalamika kwamba namchosha, lakini aliziyeyusha.

Wanaume waliopita njiani walitucheka. "Bukuru siku hizi anasomeshwa na binti yake!" Baba aliwaitikia salamu tu, akaendelea kusawazisha baruti yake.

Jumamosi ya mwisho nilikimbia mpaka kwenye ubao nikasimama nimeduwaa. Matundu matatu, na yote niliweza kuyafunika kwa kifuniko cha kopo dogo la mafuta ya mgando. Nilipiga vigelegele peke yangu pale kwenye kichuguu kama nipo harusini.

Msako ulipangwa wakati mihogo imekomaa. Asubuhi, umande haujakauka, kina mama na watoto tulipanga mstari upande wa juu tukipiga madebe. Wanaume walisimama chini, baba katikati yao. Mzee Misago naye alikuja na fimbo yake. Walimsihi abaki nyumbani, akakataa. "Shamba ni langu pia," akasema.

Dume moja lilitoka kwa kishindo, likapasua mihogo na kushika njia ya Mzee Misago moja kwa moja. Watu walikimbia. Yeye hakuweza. Alisimama ameinua ile fimbo. Madebe yalinyamaza yote, nami nikamwona baba amelenga, hapigi. Nikahesabu moyoni, bado hapigi. Halafu ule mlio wa adabu ukasikika, na dume likaanguka hatua chache kutoka miguuni pa Mzee Misago, halikunyanyuka tena.

Mzee Misago alikaa chini taratibu. Baba alimwendea, akachuchumaa mbele yake. Mwenzake ndiye aliyesema.

"Sasa ulale usingizi, Bukuru. Mimi nilikusamehe zamani, ulibaki wewe."

Wale waliotucheka walikusanyika kumsifu baba kwa shabaha. Akawakatiza. "Kulenga nimelenga mimi. Aliyenifundisha kupima ni huyu hapa," akaninyooshea mkono mbele ya kijiji kizima. Ini, ambalo kwa kawaida lilikuwa haki ya mpigaji, alinipa mimi. Nimekula vyakula vingi tangu siku ile, na kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani pia. Hakuna kilichofikia ini lile.

Leo nafundisha hisabati hapa Kasulu. Wanafunzi wangu ni werevu, siwadharau, ila ukiwapa swali wanataka jibu kabla hujamaliza kuliandika ubaoni, na jibu lisipopatikana kwenye simu wanakwambia, "Madamu, hilo halipo." Ukimwambia mtoto wa sasa kwamba niliacha rede Jumamosi nyingi ili nijue kitambaa kipi kinafaa, anakuonea huruma.

Gobore baba mwenyewe alilikabidhi polisi nguvu zilipomwishia. Nilipokwenda kumsalimu juzi, nguruwe walikuwa wamerudi mashambani, na alikuja kijana mwenye bunduki ya kisasa kuwashughulikia. Vijana wote walikuwa huko wakipiga picha. Sisi wawili tulikaa barazani tukisikiliza milio ikifuatana kutoka bondeni.

"Ngapi hizo?" baba akauliza, maana masikio yake yamepungua.

"Tano, baba."

"Wamempata?"

Wajukuu walikuwa wanarudi mikono mitupu, wakicheka na simu zao. Nikamwambia bado. Mzee alitabasamu. Akakaa wima zaidi kwenye kiti chake.