Skuli Khasa na Skuli ya Hukumu

Bibi mzaa baba alipohamia kwetu Al Khuwair, Uarabuni, kutoka Unguja, miaka ya tisini, Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha kusalia tu. Kwa hiyo siku ya kwanza alipouliza wajukuu wake wawili wanasoma wapi, na baba akamjibu kwa haraka huku anatafuta funguo za gari, mambo yaliharibika pale pale.

"Mdogo yuko madrasa khassa," baba alisema. "Mkubwa yuko hukumiya."

Baba alikuwa mtu wa wizarani, na Kiarabu kilikuwa kimeshamwingia mpaka kwenye ndoto. Alichokusudia ni kwamba mdogo wangu yuko skuli ya kulipia, mimi niko ya serikali. Bibi alisikia Kiswahili. Alisikia kwamba mdogo wangu yuko skuli khasa, skuli ya kweli, na mimi nimehukumiwa.

Kwa heshima hakuuliza zaidi. Alinivuta ubavuni pake, akanipa mnofu wake wa kuku.

Kila alichokiona baadaye kilimthibitishia. Mdogo wangu alichukuliwa na basi lenye kiyoyozi, akirudi anaimba kwa Kiingereza nyimbo za theluji, katika mji ambao kiangazi ukigusa mlango wa gari unaungua. Siku moja walifundishwa namna ya kuvaa glavu. Mimi nilipanda basi la madirisha wazi, nimevaa sare ya buluu na mtandio mweupe sawasawa na wenzangu wote, na tukifika tunapangwa mistari uani. Nikirudi nakariri sarufi. Katika sentensi za mifano ya Kiarabu kuna mtu mmoja amekuwa akimpiga mwenzake tangu zama za kale, na kazi yetu haikuwa kuuliza kisa, ilikuwa kumtia irabu mpigaji na mpigwaji.

"Huko wanapigana?" bibi aliniuliza, baada ya kunitaka nimfasirie ninachokariri.

"Ndiyo, bibi. Kila siku," nilimjibu, nikaendelea na irabu zangu.

Ijumaa moja baada ya chakula bibi alivua bangili zake za dhahabu, akaziweka mbele ya baba. Ziuzwe, mtoto atolewe. Baba alidhani mama yake anataka nisome Kiingereza. Alifurahi mno kuona bibi kizee mwenye maendeleo, akasema ataulizia nafasi wiki hiyo hiyo. Walikubaliana kwa bashasha, kila mmoja juu ya jambo lake, na mimi nimekaa na sahani yangu nataka kulia. Niliipenda skuli yangu. Nilikuwa na rafiki tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, tukigawana sambusa. Nilikuwa na mwalimu wa Kimisri aliyetuita vipenzi vyake huku anatugomba. Kule kwa mdogo wangu ningekuwa mjinga mrefu kuliko wote darasani. Lakini kwetu mtoto hamkatai bibi yake mbele ya watu, nikaendelea kula.

Bibi naye hakumngoja baba. Kesho yake, Jumamosi, siku ya kuanza wiki ya masomo, niliitwa ofisini kwa mudira, mwalimu mkuu wetu, mwanamke ambaye hatukupata kumsikia akisema ila Kiarabu fasaha. Bibi alikuwa amekaa mbele yake na buibui lake. Mama, aliyelazimishwa kumleta, alikuwa anatazama zulia.

"Nnakuja kumuombea msamaha huyu mtoto," bibi alisema. "Alilolifanya silijui, baba yake hakunambia. Lakini bado mdogo."

Mama alifungua mdomo ili atafsiri, lakini mudira alimtangulia.

"Bibi yangu, hapa hapana mtoto aliyekosa," alisema, kwa Kiswahili cha Unguja kilekile cha bibi. Hatukujua kwamba naye alitokea huko.

"Sasa kahukumiwa kwa nini?"

Mudira alieleza polepole kwamba hukuma kwa Kiarabu ni serikali, na hukumiya ni ya serikali, basi, hapana zaidi.

"Serikali ndiyo inayohukumu," bibi alisema. "Hilo nnalijua."

Nyumbani tulikuwa tunajua, ingawa halikusemwa, kwamba kaka yake bibi alichukuliwa Unguja na watu wa serikali, akaambiwa ni kwa mahojiano ya asubuhi moja tu, asionekane tena. Nadhani mudira naye alikuwa na wake aliyechukuliwa, maana maelezo ya Kiarabu aliyaacha hapo hapo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie bibi yako. Unataka kutoka?"

"Nataka kubaki," nilisema.

Bibi alinitazama, akamtazama mudira. "Mshamzoesha," alisema.

Alikataa katakata kurudi nyumbani bila mimi. Alikaa kwenye kiti cha bawabu getini, na bawabu wa watu akasimama juani, hajui amkosee nani. Mimi nilikuja kumaliza masomo yangu yote skuli ile, na bangili hazikuuzwa, lakini ninayoikumbuka zaidi ni saa ya kutoka siku ile. Kengele ililia, tukamiminika mamia, sote buluu na nyeupe, na bibi akawa anamshika kila msichana kidevu na kumwachia, mpaka akanifikia. Alinishika mikono yote miwili. Aligeuka akawatazama wenzangu wanavyoingia mabasini wanacheka.

"Kumbe serikali ya huku," alimwambia bawabu, ambaye hakuelewa neno, "inarejesha."