Jina la Kwanza Kwenye Ubao wa Korogwe

Kila nipitapo Ngombezi, harufu ya maji yatokayo kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kubakiza singa, hunirudisha utotoni. Ni harufu chachu, kama uji uliolala siku tatu. Wageni huziba pua. Mimi huivuta mpaka kifua kijae.

Mwaka nilipomaliza shule ya msingi, ulitangazwa ufadhili wa masomo ya sekondari kwa mtoto mmoja wa wakata mkonge: ada, sare, godoro, nauli, kila kitu mpaka mwisho. Atakayeukosa alijua aendako, ama shambani na panga, ama uwanjani kuanika singa.

Siku ya matokeo, asubuhi mapema, mnyapara alirudi kutoka Korogwe akipiga kengele ya baiskeli tangu relini. "Ni mtoto wa kambi ya pili!" Kambi ya pili tuliofanya mtihani tulikuwa wawili tu, mimi na Mwanaidi, binti wa Mzee Mhando. Hakuna aliyeuliza ni yupi. Mimi nilikuwa mvulana, tena mwenye kelele darasani, na hiyo ilitosha.

Nilibebwa mabegani. Mama alimfukuza jogoo kuzunguka nyumba, majirani wakimshangilia jogoo. Mwanaidi alikuja amejifunga kanga ya kazi, nyuzi za singa zimemganda nyweleni. "Bwana mkubwa," akasema, "ukirudi likizo utatusalimia kweli sisi waanika singa?" Nilicheka kwa kiburi ambacho mpaka leo kinaniaibisha.

Baba hakucheka. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na tabia ya kuuliza iliyoudhi watu wengi.

"Bwana mnyapara, jina lenyewe umelisoma?"

"Aa, mzee! Nimeambiwa na karani wa stesheni."

"Naye kalisoma?"

Mnyapara akainama ghafla kukagua mnyororo wa baiskeli. Baba akanigeukia. "Nenda kasome."

Nilikimbia kufuata njia ya reli, mistari ya mkonge ikipita kando yangu kama askari waliosimama gwaride, nami nikiwapokea salamu. Nilifika Korogwe shati limeninata mgongoni. Nje ya ofisi ya elimu palikuwa na ubao, na ubaoni karatasi moja yenye majina mawili. La kwanza lilikuwa la Mwanaidi Mhando. La pili lilikuwa langu.

Nilisoma mara nne.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia karani aliyekuwa dirishani. "Huyu wa pili ni wa nini?"

"Marahaba. Wa pili ni wa akiba. Wa kwanza afike na mzazi kutia saini kabla ya saa tisa leo. Asipofika, tunamwita wa pili. Na usipapase karatasi yangu kwa mikono hiyo."

Niliketi ngazini. Mwanaidi alikuwa uwanjani akianika singa, akiamini kwamba ameshindwa. Baba yake alikuwa mashambani. Kambi nzima hakuna aliyejua ila mimi, na kazi yangu ilikuwa kukaa tu pale mpaka saa tisa. Nilikaa muda ambao sipendi kuukadiria. Sitadai kwamba niliondoka kwa wema. Nilikuwa nimekwisha kusoma, na sikuona namna ya kurudi nyumbani nikiwa sijasoma.

Nikakimbia tena.

"Umesahau sanduku?" Mwanaidi aliniuliza kutoka nyuma ya kamba za kuanikia.

"Jina ni lako."

"Usinitanie, we!"

"Nimelisoma."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Aliangusha furushi zima la singa. Kilichofuata sijakiona tena katika maisha yangu: wanawake wakipiga vigelegele huku wakikimbia, mnyapara akivua kofia bila kuombwa, Mzee Mhando akija mbio kutoka shambani na kusimama ghafla. "Sijamaliza mistari yangu," akasema, kwa kuwa asiyemaliza mistari aliyopangiwa, siku yake haikuhesabiwa. Baba alimpa baiskeli yake, akaokota panga. "Mistari yako ni yetu leo. Panda!" Wakaondoka, Mwanaidi amekaa nyuma, kanga ikipepea, watoto wote tukisukuma mpaka barabarani. Saini iliwekwa saa nane na nusu.

Jogoo aliliwa vilevile. Mwaka uliofuata ufadhili ulikuja tena, nami nilirudia mtihani nikaupata, kwa sababu kila likizo Mwanaidi aliniletea madaftari yake na kunifundisha hesabu kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Baadaye aliajiriwa Hale, kwenye mitambo ya umeme. Nilimwona huko kwa macho yangu amevaa kofia ngumu, na Mzee Mhando, aliyekuja kumtembelea, akimvuta shati kila apitaye: "Yule mwenye kofia ni mwanangu."

Wazee wenzangu husimulia kwamba nilimpa Mwanaidi nafasi yangu. Nimewasahihisha arusini na misibani, na sasa nawasahihisha kwa maandishi. Mtoto yule ngazini naye alidhani anaachia kitu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mkononi mwangu hapakuwa na kitu cha kutoa. Nafasi ilikuwa yake tangu karatasi ilipobandikwa, nami nilibakiza kidogo tu kumnyang'anya, bila kusema neno.