Hodi kwenye Kasri la Korea

Mama aliwajua wafalme wa Korea kama alivyowajua wakwe zake. Kila alasiri, kwetu Al Baraha, Dubai, tamthilia zao zikianza na maandishi ya Kiarabu chini, simu haipokewi na chai inapoa mezani. Magoti yake yalipoanza kumsumbua nikaona nisingoje. Nikamkatia tiketi twende Seoul akayaone makasri yao kwa macho yake.

Lango la kasri lilinitoa ushamba. Mapaa mawili yamepandana, ncha zake zimepinda juu, boriti zimechorwa maua ya kijani na mekundu, na nyuma yake mlima umetulia kama nao umejengwa na mafundi wale wale. Nilipomaliza kushangaa nikamkuta Mama amesimama mbele ya kizingiti, koti juu ya buibui, anasema taratibu, "Hodi."

Nilidhani ananitania. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, akasikiliza, kisha akageuka kurudi. Kwake mtu asiyeitikiwa hodi tatu hurudi alikotoka. Nikamwambia mfalme alishakufa zamani, hapa ni makumbusho tu. Nikamwitikia karibu mimi mwenyewe, akaniuliza tangu lini nimekuwa mwenye nyumba. Damu ilinichemka. Tumetoka Dubai mpaka huku, halafu tuishie mlangoni?

Akakaa kwenye benchi. "Nyumba yetu ya Unguja waliingia watu bila hodi," akasema. "Nilikuwa mtoto, nachambua mchele. Tukakimbia, hatukurudi tena."

Miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza. Hasira ikaniisha, nikaona haya. Nikamwendea mwanamke aliyekuwa akikagua tiketi, nikamweleza kwa kutumia simu desturi ya mama yangu. Hakucheka. Aliacha kazi yake akaja mpaka kwenye benchi, akainama sana, akaonyesha lango kwa mikono miwili na kusema neno la kukaribisha ambalo Mama alilisikia kila alasiri kwenye televisheni.

"Starehe, mwanangu," Mama akamjibu, akainuka.

Ndani alisahau magoti. Aliguswa na sakafu zilizokuwa zikipashwa moto kwa chini, na zaidi na mabomba ya moshi ya nyumba ya malkia, ya matofali, yamerembwa ndege na maua. Moshi nao umetengenezewa njia ya heshima, alisema. Nilipomsomea kibao kwamba kasri lilichomwa, likabomolewa, likajengwa tena chumba kwa chumba, alisimama pale muda mrefu, kiganja juu ya ukuta.

Ndugu zetu wa Unguja walikuwa wakimwita kila mwaka, naye kila mwaka akitoa udhuru. Tuliporudi Al Baraha, kabla sijafungua mabegi, akaniambia nimkatie tiketi ya kwenda huko. Nikamkumbusha kwamba ile nyumba ina watu.

"Najua," akasema. "Nitapiga hodi."