Namba Sita na Shati la Kaka Asajile

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nilikuwa nimesimama chini ya turubai uani kwangu Makandana, hapa Tukuyu, mbele ya ukoo wangu, wakwe zangu watarajiwa na mchungaji, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta, na mdomoni nina divai ambayo siwezi kuimeza na siwezi kuitema. Ni aibu, sikatai. Naisimulia mwenyewe kwa sababu waliokuwepo wanaisimulia vibaya na kuniongezea mambo ambayo sikuyafanya (sikupiga chafya, na wala sikumwangukia mtu).

Nianze na divai. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Mbeya yalipoanza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia redioni tu, watu tisa wa Tukuyu tuliunda chama cha divai. Msinicheke. Kila mwezi tulichanga, mfanyabiashara mmoja wa Mbeya akatuletea kreti la chupa mchanganyiko, za Dodoma na za ng'ambo, nasi tukachagua. Tabu ilikuwa kwenye kuchagua, maana hakuna aliyejua chochote, na wanachama walikwenda kwa uzuri wa karatasi ya chupa: kama ina picha ya farasi, inanunuliwa. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha chai kabla ya kupunguzwa kazi, na sivumilii jambo lisilo na utaratibu. Nikanunua kitabu cha divai kwenye vitabu vya mitumba, nikakisoma mara tatu kamusi ikiwa pembeni, nikawa mshauri wa chama. (Divai niliyokuwa nimewahi kuinywa mpaka wakati huo ni ile ya meza ya Bwana. Hakuna aliyeniuliza.)

Ushauri wangu ulikuwa mzuri, na mpaka leo nausimamia. Kwa kuku na ndizi, chukua nyeupe yenye utamu kidogo. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa, nyeupe isiyo na sukari, na usihangaike na friji, zamisha chupa kwenye ndoo ya maji ya Tukuyu usiku mzima, inatosha. Mbuzi wa kuchoma anataka nyekundu nzito. Wazee waliozoea pombe ya ulezi usiwape kali, wape ya Dodoma yenye sukari, watakuombea. Na kamwe usichague kwa farasi.

Sasa, Jumamosi hiyo tulikuwa tunamuaga binti yangu Tusekile, harusi ikiwa Jumamosi inayofuata, na chama kilinipa chupa sita nizipendekeze kwa wageni. Lakini moyo wangu haukuwa kwenye chupa. Ulikuwa kwa kaka yangu Asajile, anayekaa kwenye mji wa baba yetu kule Nkunga. Alikuwa hasemi nami tangu washenga walipokuja kumposa Tusekile. Walikuja Makandana kwa taarifa ya siku moja nikawapokea peke yangu, wakati kwetu posa ya mtoto haipokelewi bila baba mkubwa. Kaka akatuma neno: "Amepokea peke yake, na aoze peke yake."

Kwetu Wanyakyusa hilo si dogo. Hasira ya mkubwa ikikaa moyoni bila kusemwa humfuata mtoto mpaka kwa mumewe. Dawa yake ni mwenye hasira aiseme mbele za watu, kisha ajaze maji mdomoni na kuyapuliza nje, hasira itoke nayo. Bibi wa bwana harusi, mama mfupi mwenye macho makali, alikuwa ameshanitamkia: "Sisi hatuchukui binti mwenye baba mkubwa aliyenuna. Apulize kwanza." Kwa hiyo kaka asipopuliza siku hiyo, harusi hakuna. Wazee wa ukoo wakanishauri nimpelekee ng'ombe dume wa kumtuliza. Nilikuwa nimeshapatana bei, shilingi elfu sitini, nilipe Jumatatu, na hizo ndizo zilizobaki kwenye kiinua mgongo changu. Kaka naye akatuma neno kwamba atakuja "kuangalia tu".

Kwa nini basi, katika hali hiyo, niliamua kuonja divai hadharani? Kwa sababu Mwalimu Lusajo, mwenyekiti wa chama chetu na mshereheshaji wa siku hiyo, aliniambia, "Baba Tuse, hebu wakwe waone binti anatoka kwenye nyumba ya msomi." Msomi! Mimi wa darasa la nane! Kichwa kikavimba hapohapo.

Kitabu kinasema mwonjaji hamezi, hutema. Nikaweka ndoo ndogo ya plastiki kando ya meza. Kitabu kinasema tena kwamba divai nyekundu inywewe ikiwa na joto la chumba. Aliyekiandika hakuwahi kukaa Makandana mwezi wa saba, ambapo ndani ya chumba ukitoa pumzi unaiona. Nikatafakari, nikamwambia mke wangu, "Mama Tuse, hii chupa namba sita iweke karibu na jiko ipate joto."

"Karibu kiasi gani?"

"Kiasi cha joto la chumba."

"Chumba kipi, baba? Hiki hiki tunachovalia makoti?"

Sikumjibu. Mengine yote yalizaliwa na kutojibu huko.

Namba moja mpaka namba tano zilikwenda vizuri mno. Ninazungusha glasi, ninaiangalia kwenye mwanga, ninanusa, ninavuta funda kwa mluzi kama kitabu kinavyoagiza, ninatema, kisha ninatoa maelezo. Nikamsikia bibi wa bwana harusi akimnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Kwani huyu baba jino linamuuma?"

"Hapana, Bibi. Ndivyo divai inavyopimwa."

"Mbona kila chupa anaikataa?"

Nikapuuza, nikatangaza kwamba namba sita ndiyo mfalme wa meza yote. Mama Tuse akaileta imezungushiwa kitenge. Nilidhani ni heshima. Kumbe ilikuwa haishikiki. Nikavuta funda kubwa kuliko yote ya mwanzo, na ndugu zangu, ilikuwa ya moto kama chai na kali kama siki. Macho yakanitoka machozi. Nikageukia ndoo. Ndoo haipo! Mabinti wa jikoni wameichukua kuoshea sahani.

"Mnaona mtaalamu anavyoitafakari!" Mwalimu Lusajo akasema kwenye kipaza sauti, "mpaka analia!" Watu wakapiga makofi.

Nikaondoka kuelekea migombani, nikitembea haraka lakini kwa heshima, nikaifikia kona ya nyumba, na pale konani, uso kwa uso, kaka Asajile. Shati jeupe lililopigwa pasi, fimbo mkononi, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Sasa, mdogo hampiti mkubwa bila kumsalimu. Hilo nililelewa nalo kabla ya kitabu chochote. Nikafungua mdomo kumwamkia.

Yote ilimwishia kifuani.

Nyuma yangu Mama Tuse alisema, "Yesu wangu." Watu walikuwa wamenifuata kwa macho mpaka pale, hivyo hakuna aliyekosa kuona. Kaka akaangalia shati, akaniangalia mimi, akaangalia tena shati.

"Umenipulizia," akasema polepole.

"Kaka, ilikuwa ya moto, halafu ndoo..."

"Mwenye hasira ni wewe au ni mimi?"

"Ni wewe, kaka."

"Sasa mbona unapuliza wewe?"

Wa kwanza kucheka alikuwa yule bibi. Nikaona mdomo wa kaka unacheza pembeni, anaubana, unamshinda. Asajile si mjinga, alijua kabisa kwamba sikuwa nafanya tambiko lolote. Ila nadhani alikuwa amechoka kubeba maneno yale kutoka Nkunga, alikuwa anatafuta mlango wa kuyatolea, na mlango ndio huo ulikuwa umemfungukia kifuani.

"Leteni hiyo," akasema.

Akapewa namba sita. Akasimama mbele ya Tusekile, shati jekundu namna ile, akasema watu wote wakisikia: "Nilikasirika. Mdogo wangu alipokea wageni wa mtoto wetu kana kwamba mimi nimezikwa. Iliniuma. Nimeshaisema, haimo tena." Akaonja kidogo, akakunja uso ("Jamani, hii mmeipika?" walisikia waliokuwa karibu), kisha akajaza mdomo, akaipuliza chini miguuni pa mwanangu, nyembamba kama manyunyu, vilevile alivyokuwa akifanya baba yetu. Iliyobaki alinipulizia mimi kwenye koti. Hiyo ilikuwa makusudi.

"Ndaga fijo, baba mkubwa," Tusekile alimshukuru huku analia, na vigelegele vikafunika kila kitu.

Bibi wa bwana harusi akainuka. "Huyu ndiye mwonjaji," akasema akimwonyesha kaka. "Binti tunamchukua."

Mnadhani sifa yangu ya ushauri ilikufa siku hiyo? Wakwe waliagiza namba sita kwa ajili ya harusi. Mwezi uliofuata wanachama wa chama wote waliitaka hiyohiyo, na wapo walioniuliza ipashwe kwa dakika ngapi. Mtu akigombana na shemeji yake, anakuja kwangu. Nimeiandika kabisa katika ushauri wangu: namba sita, kwa mbuzi wa kuchoma na kwa wenye ugomvi.

Lakini nimeapa. Sitaonja tena divai mbele za watu bila ndoo mkononi mwangu mwenyewe, na joto la chumba nimekiachia chumba.

Jioni ile, wageni wakitawanyika, nilimuuliza kaka kwa woga, "Na yule dume?"

"Dume wa nini, unataka nipulize mara mbili?" akasema. "Shati langu ndilo nalitaka."

Shati jipya, jeupe, elfu tatu na mia tano. Dume hakununuliwa. Nilichookoa ni shilingi elfu hamsini na sita na mia tano.