Madame Iko wa Nani

Mama alikataa kukatwa mguu mpaka niwepo. Mama mdogo, anayemuuguza hospitalini Kigoma, alinipigia kuniambia hivyo, akiongea kama mtu aliyeziba mdomo kwa khanga ili wagonjwa wa vitanda vya jirani wasisikie. Kidonda cha sukari kilichoanzia kidole gumba kilikuwa kimefika kisiginoni. Daktari alitaka kukata chini ya goti, tena upesi.

"Hataki kutia saini," alisema mama mdogo. "Anasema hakatwi kama kuku wakati mtoto aliyemzaa yuko hai. Njoo, mwanangu."

Nilimjibu kwamba nitaomba ruhusa.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mtu mwingine angesema nakuja, kisha akaanza kutafuta nauli. Mimi nilisema nitaomba ruhusa, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikikosea herufi moja ubaoni nafuta mstari mzima. Na kwetu mtumishi anayeondoka kazini bila ruhusa anaitwa mtoro, neno ambalo nimeliogopa tangu darasa la kwanza.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya serikali mjini Kisangani. Darasa langu kubwa lilikuwa la sita, wanafunzi wa mwisho, ambao kila mtu huwaita finalistes, na mtihani wa taifa ulikuwa unawakaribia. Kiingereza sikukisomea chuoni. Nilikiokota kwenye redio na kwenye vitabu ambavyo misheni ya kwetu ilikuwa inavitupa, nikakariri mpaka nikaweza kuongea bila kusita. Shirika dogo la kujitolea lilinisikia nikiongea, likanipa tiketi na fulana, likanileta Kongo. Sikuuliza mwajiri wangu ni nani. Nitasema ukweli: niliogopa kwamba nikiuliza swali hilo, na mimi nitaulizwa cheti.

Zaidi ya hayo nilidhani najua. Siku ya kwanza mkuu wa shule, ambaye huko huitwa préfet, alinisimamisha mbele ya bendera akawaambia wanafunzi, "Leo tunamupokea Madame wa Anglais." Wakapiga makofi. Kwetu, ofisi ikikuambia umepokelewa, maana yake umeajiriwa, nenda kanunue viatu vya kazini. Nilinunua.

Kwa hiyo asubuhi baada ya simu ya mama mdogo nilikuwa mlangoni kwa Papa Préfet kabla hajafungua ofisi. Nilikuwa nimeandika barua ya kuomba ruhusa mara nne, kwa Kifaransa nilichojifunza kwa njia ileile ya vitabu. Aliisoma yote huku amesimama, funguo mkononi, akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Pole sana kwa mama. Lakini hii barua, Madame, siwezi kuijibu."

"Nimekosea Kifaransa?"

"Kifaransa iko muzuri, inapita ya wale wengine hapa. Shida ni ruhusa. Ruhusa inatoka kwa ule mwenye alikupatia kazi. Mimi sikukupatia kazi. Mimi nilikupokea."

Nikasema, "Ndiyo, Papa Préfet. Ulinipokea."

"Voilà. Nilikupokea sawa vile mutu anapokea mugeni. Mugeni akitaka kwenda kwao nitamushika? Unaweza kwenda hata leo. Lakini siwezi kuandika kama ni mimi nimekuruhusu, na siwezi kuandika kama utarudia. Sasa kwa barrière ya kwanza tu ya njiani, askari watakuuliza: Madame, uko wa nani? Utajibu nini?"

Alikuwa anasema kweli. Njia fupi ya mashariki ilikuwa imefungwa na vita, ningelazimika kuzunguka Bunia na Uganda, na katika vizuizi vyote vile mwalimu mgeni asiye na karatasi ya kutumwa na mwajiri wake huwa ni mtu wa kushukiwa tu. Kutoka labda ningetoka. Kurudi, sidhani. Na finalistes wangebaki bila mwalimu hadi siku ya mtihani.

Nililiandikia shirika lililonileta. Walijibu upesi, kwa ujumbe wenye pole nyingi, kwamba wao huunganisha tu watu na shule, na kwamba mambo ya kazi, likizo ikiwemo, ni ya wenyeji wangu. Nikaupeleka ujumbe huo kwa Papa Préfet. Alicheka kidogo, bila ubaya, akasema, "Wao wanasema ni sisi, sisi tunasema ni wao. Donc wewe uko katikati, sawa mupira."

Siku hiyo jioni mama mdogo alisema mguu umeanza kunuka.

Shule nyingi za serikali huko zimo mikononi mwa makanisa: serikali inalipa walimu, kanisa linaongoza. Nikaenda kwenye ofisi ya kanisa inayosimamia shule yetu. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nikirudia kichwani sentensi zangu ili nisije nikakosea. Karani aliyenipokea, kijana wa rika langu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kuliko langu, alitafuta jina langu kwenye kompyuta, kisha kwenye makabati, kisha akaniuliza namba yangu ya utumishi.

"Sina."

"Bon. Kama hauna namba, serikali haikujue. Na kama serikali haikujue, sisi hatuwezi kukutuma mahali."

"Basi nikiondoka bila ruhusa mtaniandika mtoro?"

Hakulijua neno hilo. Nilimweleza, naye akageukia mwenzake wa meza ya pili na kumwambia, "Madame anaogopa tutamuandika déserteur." Wote wawili wakacheka, wa meza ya pili mpaka akavua miwani.

"Madame," alisema karani, akijaribu kujizuia, "ili kuwa déserteur, kwanza uwe mwalimu."

Najua hakukusudia kuniumiza. Lakini nilitoka pale nikasimama nyuma ya ukuta wa ofisi, nikalia kwa namna ambayo sikuwahi kulia tangu nifike. Mwaka mzima nilikuwa nasahihisha madaftari mpaka macho yanauma. Sikuwahi kuchelewa. Nilikuwa nimeificha siri yangu ya kukosa cheti kama mtu anayeficha kidonda chini ya soksi, kumbe hakuna aliyekuwa na nia ya kuitazama, kwa sababu machoni pao sikuwa kazini. Nilimwacha mama aoze mguu nikisubiri ruhusa ya watu wasionijua.

Hata hivyo sikwenda kwenye stendi ya magari. Hapo ndipo siwezi kujitetea. Kesho yake nilirudi darasani.

Mwalimu wa Kifaransa, mama wa makamo aliyezoea kunitania kwa ukimya wangu, aliniona nikiwa chumba cha walimu na barua yangu, mahali pa jina la mwandikiwa pakiwa peupe.

"Dada, wewe unauliza kichwa, haukuulize tumbo," aliniambia. "Unakula ya nani hapa?"

"Posho wanayonichangia wazazi."

"Eh bien. Wazazi wanakukulisha. Nenda kwa Mama Présidente."

Mama Présidente alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke wa familia za wavuvi wanaoishi kando ya maporomoko ya mto. Mwanawe wa kike alikuwa kwenye darasa langu la sita. Nilimkuta ukingoni mwa mto akipanga samaki kwenye beseni, akibishana kwa Kilingala na mteja aliyetaka kambale mkubwa kwa bei ya mdogo. Aliponiona alimwacha mteja, akanifutia kigoda kwa kitambaa chake.

Nilimweleza kila kitu tangu kidole gumba. Nilipomaliza nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelizungusha mjini kote.

"Mama, mimi ni wa nani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Wa kwetu. Nani tena?"

Karibu nimshike mkono niubusu. "Basi naomba ruhusa, mama. Niende nimuone mama yangu."

"Hapana," alisema.

Nilidhani sikumsikia.

"Hapana, Madame. Mwalimu wa mbele ya wewe kufika alituomba siku mbili kwa sababu ya matanga. Mpaka leo hajarudia. Watoto walifanya examen bila Anglais, walianguka, na sisi ndio tulitafuta wewe. Wewe ukienda na hii vita, utarudia lini? Niambie kweli, usinidanganye."

Sikuweza kumdanganya. "Sijui."

"Voilà. Examen ikiisha, nitakuandikia ruhusa mimi mwenyewe, na kamati yote itatia saini, na tutakupatia mutu wa kukusindikiza mpaka Bunia. Lakini sasa, hapana."

Mteja wa kambale alikuwa bado amesimama pale. Alitikisa kichwa akasema kwamba mama hana moyo. Mama Présidente akamwambia kama ana moyo alipe bei ya samaki.

Nilikuwa nimepata mwajiri. Ni jambo la aibu kuliandika, lakini kabla ya uchungu nilisikia nafuu. Kukataliwa huku kulitoka kwa mtu aliyenijua, kulinihusu mimi. Halafu uchungu ukaja wote kwa mara moja, na palepale kwenye kigoda nikampigia mama.

Alipokea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Umepata ruhusa?"

"Nimenyimwa, mama."

"Na nani?"

"Na mama mmoja. Anauza samaki. Ndiye mwajiri wangu."

Kisha akasema, "Nipe niongee naye."

Nilimpa Mama Présidente simu, akaifuta magamba ya samaki kwenye kitenge kabla ya kuiweka sikioni. Niliweza kusikia upande wake tu, na mara chache sauti ya mama ikipanda.

"Ndiyo, mama, ni mimi… Pole na ugonjwa… Hapana, siwezi… Mama, na mimi niko na mutoto… Anafundisha vizuri, sana, hata kupita kiasi, anawachosha." Akanitazama. "Anakula, ndiyo. Amekonda kidogo lakini anakula."

Halafu alisikiliza kwa muda mrefu. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mahubiri. Alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti.

"Mama, sikia. Mimi nilikataa, na sitabadilisha. Mutoto wako atakuja kisha examen, nakuahidi mbele ya Mungu na hawa samaki. Lakini ule mguu hautangoja examen. Ukimungojea, atakuta nani? Akute mama mwenye mguu moja, au akute kaburi? Kubali wakate. Basi. Kubali, mama."

Wakaendelea, mara wanakatana maneno, mara wote wawili wanacheka kwa jambo ambalo sikuambiwa. Mimi nilikuwa nimekaa kati ya mabeseni, mtu mzima anayepangiwa maisha yake na wanawake wawili ambao hawajaonana, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Nilitaka kuinyakua simu. Nilitaka kusema naondoka leo, liwalo na liwe. Mama Présidente alinirudishia simu ikiwa ya moto.

"Amekubali," alisema, na kurudi kwa mteja wake.

Walimpasua siku ya Alhamisi. Nilikuwa na darasa la sita tangu saa moja na nusu, na nilifundisha vibaya kuliko siku yoyote. Niliandika ubaoni sentensi yenye makosa mawili, binti wa Mama Présidente akanyoosha kidole kunisahihisha, nami nikaiacha vilevile nikiitazama simu iliyokuwa juu ya meza. Wanafunzi waliacha kunong'ona. Nadhani walikuwa wameshajua. Kando ya mto hakuna jambo linalokaa siri.

Ujumbe wa mama mdogo uliingia karibu na mapumziko. Wamekata juu ya goti. Chini hapakufaa tena, daktari alisema wamechelewa. Ameamka. Anauliza mtihani ni lini.

Nilianza kuandika jibu, nikafuta. Nikaanza tena. Tarehe ilikuwa haijatangazwa, na nilipomuuliza Papa Préfet aliyekuwa akipita nje ya dirisha, alinyoosha mikono yote miwili akasema hata yeye anaingoja.